Fundo la Uzi wa Buluu

Klabu yetu ilianzishwa na wapiga matofali, ndiyo maana jezi zetu zina rangi ya udongo uliochomwa. Kwa miaka hamsini imecheza daraja la nne, na mara moja tu ilifika mlangoni mwa la tatu, siku ambayo sare ingetutosha. Siku hiyo nilikuwa na miaka mitatu. Naijua kwa kuambiwa, kama kila mtoto wa mtaa huu: kipa wetu, waliyemwita Sumaku, aliutazama mpira ukienda golini, hakuruka, hakuinua hata mkono. Aliuza mechi. Basi.

Sumaku sasa hutengeneza baiskeli kando ya barabara. Wapitao humwuliza, "Bei gani leo, kipa?" Huinamia gurudumu lake kama hakusikia, na masikio anayo.

Baba alikuwa mtunza uwanja. Nyavu zote za klabu alizifuma yeye, na macho yake yalipofifia nikazishika mimi. Shule niliishia la saba, lakini wavu naweza kuusoma. Fundo la Baba ni dogo kama punje, mikia yake imekatwa sawa, na huanzia kushoto, kwa sababu Baba hutumia mkono wa kushoto.

Mwezi uliopita Katibu wa klabu alikuja na daftari kwapani na gunia begani. Historia ya miaka hamsini itatundikwa ukutani ofisini, na chini yake utawekwa wavu wa ile mechi. Ndio uliokuwa guniani, panya wameshaula.

"Binti, ziba matundu tu," alisema. "Usiupambe. Huu ni wavu wa msiba."

"Na Sumaku mmemwandikaje?" Baba aliuliza kutoka kitandani.

"Tumwandikeje tena, mzee? 'Kipa alituuza.' Maneno mawili, na wino umebaki."

Katibu alicheka peke yake. Baba aligeukia ukuta.

Niliutundika wavu kwenye boriti, nikaanza juu, nikishuka tundu kwa tundu. Siku ya tatu nikafika pembeni, panapofungwa karibu na mlingoti wa goli. Hapo palikuwa na fundo la uzi wa buluu. Wavu mzima ni mweupe. Fundo lenyewe lilikuwa kubwa, la haraka, mikia inaning'inia. Lakini lilianzia kushoto.

Niliuvuta wavu hadi kitandani, nikaliweka kwenye vidole vya Baba. Alilipapasa muda mrefu.

"Umelikuta," alisema.

"Nimelikuta."

"Asubuhi ile niliona uzi umeachia hapo. Nikajisemea, nikimaliza kupiga chokaa mistari nitaziba. Nikasahau. Mpira ulipita nje ya mlingoti, mwanangu, ukaingilia hapo. Sumaku aliuona unatoka, ndiyo maana hakuruka. Refa akapuliza goli. Sumaku akapiga kelele, umeingilia pembeni, kagueni wavu! Watu wakajaa golini. Mimi nilikuwa nyuma ya mlingoti, na uzi mfukoni. Refa alipofika, akaukuta wavu mzima."

"Si ungeliacha tundu alione?"

"Angeona kazi yangu. Sikufikiri, mkono ndio uliofikiri. Nilipozinduka, mpira umeshaanzwa katikati. Siku ile ningesema ningepigwa. Kesho yake ningefukuzwa. Mwaka ulipoisha, nikawa sina pa kuanzia."

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. Nje watoto walikuwa wakigombania mpira.

"Nimwite nani kwanza?" niliuliza. "Katibu, au yeye?"

"Yeye."

Nilimkuta Sumaku akiziba pancha.

"Baba anakuita."

"Baba yako ana baiskeli?"

"Hana. Ana wavu wa ile mechi."

Aliifuta mikono yake mara mbili, akaja nayo bado ina grisi. Nilimpa kigoda, hakukikalia. Baba alisimulia upya, hakupunguza neno. Sumaku alilishika lile fundo, akawa analigeuza kwa kidole gumba.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Nilifika mahali nikajiuliza labda kweli niliona vibaya. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, tukiwa tunakula. Uliuza? Nikamwambia, sijui."

"Nisamehe, ndugu yangu," Baba alisema.

Sumaku hakumtazama. Alinigeukia mimi. "Unaweza kulikata bila kulifungua?"

Nilizikata nyuzi kulizunguka, polepole, fundo likabaki limekaza vilevile. Alilitia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Mlangoni alisimama, ametupa mgongo.

"Nampelekea mke wangu kwanza. Msamaha nitautafuta baadaye, mzee, kama upo."

Jioni ile Katibu alikuja, na Baba alimweleza kila kitu, ameketi wima. Katibu hakucheka. Alifuta yale maneno mawili, akakaa na kalamu hewani.

"Sasa niandike nini?"

"Andika mpira uliingilia pembeni. Andika aliyelificha tundu ni mimi."

Aliandika pale pale, akiegemea ukuta. Nilipokuwa nikiukunja wavu ili auchukue, akanyoosha kidole.

"Binti, hapa umesahau tundu moja."

"Sikulisahau," nilimwambia, nikamshikisha gunia lake.