Wageni wa Mguu wa Mshamu

Jumatatu asubuhi Mwanaheri alikuwa anapepeta mpunga uani kwake Mahege, mumewe Mshamu alipomwita amtazame mguu. Siku moja kabla, mjeledi wa akida ulimchana shavu la mguu kwenye shamba la pamba, naye akavuka hori la maji chumvi na kidonda kibichi. Sasa ngozi ilikuwa nyeusi, ukiibonyeza inatatarika kama majani makavu, na weusi wenyewe unapanda gotini huku unautazama.

Mwanaheri akainama, akawaona vijidudu walao nyama ile. Walikuwa wa aina tatu. Wa kwanza walikwenda wamefungamana mnyororo mmoja, kama wafungwa wa serikali. Wa pili, wanene, wenye umbo la vijiti, walijichimbia chini kabisa kwa kuogopa upepo, wakipuliza mapovu. Wa tatu walipinda kama mundu na bado walinuka hori. Wote walikuwa wanakula, hakuna aliyeinua kichwa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe; lakini hawa kufikia siku ya tatu wangekuwa kifuani. Akashika wembe, akapasua, akakata kila nyama iliyokufa, upepo ukaingia. Mshamu akauma mkeka. Wageni wakatoka wakikohoa, naye akamkabidhi kila mmoja jembe la mwiba.

“Nyumba hii haina mlaji wa bure,” aliwaambia. “Shamba lile kule.”

Umatumbi vita vilikuwa vimewaka, na vibarua wengi walikwisha kutoroka kwenda kunywa maji ya dawa. Akida alipouona mnyororo hakuuliza kitu, akawapangia matuta.

Jumatano homa ya Mshamu ikashuka, akaomba uji. Mwanaheri alifurahi hata akapiga vigelegele peke yake jikoni.

Ijumaa wageni wakarudi, wamekonda, migongo imechanika. Mkubwa wa mnyororo alibisha hodi.

“Mama, kazi yetu kula watu, hatukatai,” alisema. “Lakini sisi hushiba. Yule bwana hashibi. Tupe ruhusa twende zetu.”

Mwanaheri aliwapa maji, akawaelekeza njia ya horini.

Alasiri akida akaja kulalamika kwamba vibarua wake wamepungua. Akautazama mguu wa Mshamu, akauminya, akaridhika.

“Umepona, bwana Mshamu. Alhamdulillahi. Kesho alfajiri shambani.”

Mshamu akaitikia. Mwanaheri akajuta kumwinua mapema, maana angemlaza kama mgonjwa siku mbili tatu zaidi, asingetakiwa na mtu. Akaenda jikoni kumchemshia muhogo wa kula huko shambani.