Weusi wa Sarafu ya Baba

Mume wangu hawezi kuona kitu kimefubaa akakiacha salama. Kazi yake ni kusugua shaba: vitasa, mabomba, vinara, mpaka mtaa mzima unamwita Mng'aro. Sufuria zangu amezisugua, bawaba za milango amezisugua, na kama meno yangu yangekuwa ya shaba nisingepata usingizi. Yote hayo nilimvumilia. Lakini asubuhi ile alinifuata kwenye cherehani, macho yanamcheka, akafungua kiganja.

"Ona!"

Ilikuwa sarafu ya marehemu baba, inang'aa kama imetoka kiwandani juzi.

Sijui kama mnanielewa. Baba alikuwa fundi viatu. Sarafu ile alipewa na mama yake, na maisha yake yote aliitumia kufungulia makopo ya kiwi na kubonyezea mishono ya soli ilale, mpaka ikawa nyeusi tii. Weusi ule ulikuwa mkono wa baba. Alipofariki, ndugu zangu waligawana vyombo vya kazi. Mimi niliomba sarafu tu. Niliifunga pamba, nikaiweka kabatini, na nikimkumbuka naifungua, nainusa. Sasa ilinuka dawa ya kusugulia shaba.

"Umemfuta baba yangu," nikamwambia.

Uso ukamshuka. "Nilidhani ni uchafu, mke wangu. Nilitaka mama akija leo aikute imependeza."

Hapo ndipo moyo uliponipasuka, maana mama alikuwa njiani kweli. Kila akija kututembelea, hata kabla hajaketi, huomba sarafu, akaishika kiganjani. Leo angeshika nini? Nilimpasha Mng'aro maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, na chai yake nikaiacha ipoe mezani bila kumwita.

Mama akaingia na kapu lake.

"Shikamoo, mama," alisema Mng'aro, kichwa chini kama mtu aliyefikishwa mahakamani.

"Marahaba, mkwe wangu. Mbona mmepoa hivi, kuna msiba? Haya, nileteeni sarafu nimsalimie mzee wangu."

Nikampa. Sikuthubutu kumtazama usoni. Mama aliigeuza huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

"Siku bibi yako alipomkabidhi baba yako sarafu hii, ilikuwa hivi hivi!" alisema. "Bibi alikuwa anaisugua kwa majivu na limau. Baba yako kuanza kufungulia makopo yake, ikajaa kiwi. Bibi alipoiona alilia: 'Umeniharibia sarafu yangu!' Akamnunia siku nzima. Mimi ndiyo kwanza nimeolewa, nikasema, jamani, nimeingia nyumba ya vichaa."

Mng'aro alianza kucheka, akakutana na jicho langu, akameza kicheko.

"Lakini mama, baba hayumo tena humo," nikasema, na machozi yakanitoka bila kuniuliza.

Mama alinishika bega. "Bibi yako aliisugua kwa mikono yake. Baba yako aliifanyia kazi kwa mikono yake. Wewe mwanangu, umeifanyia nini?"

"Nimeitunza."

"Umeifunga pamba kama kidonda."

Nilimkasirikia mama kidogo, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kisha hasira zikaniishia.

Kwenye meza ya cherehani palikuwa na shati la mteja, mfuko wake bado haujachorwa pembe za mviringo. Nikachukua sarafu mkononi mwa mama, nikailaza kwenye pembe ya chini ya mfuko, nikaizungushia chaki. Mviringo ulitoka safi kabisa. Nikahamia pembe ya pili, na ile nayo ikakubali. Nilijisikia vizuri, vizuri kuliko siku zote nilizokuwa nainusa ile pamba.

Nilipoiinua, chaki ya buluu ilikuwa imeingia ndani ya herufi zake, na vidole vyangu vimeacha alama juu ya mng'aro wote ule. Mume wangu akaziona. Nikamwona anahangaika, mkono unamwasha, mwishowe akaanza kuchomoa kitambaa chake mfukoni taratibu.

"Thubutu!" tukamwambia, mimi na mama kwa pamoja.