Maji ya Mguu wa Albina

Sabuni ilikwisha Jumatatu. Alhamisi asubuhi Albina alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, mguu wa kushoto ndani ya karai, akiuosha kwa majivu. Alipitisha kitambaa katika kila mkunjo, chini hadi vidoleni, na majivu yakamchoma mpaka akang'ata khanga. Mganga wa zahanati alimwambia wazi: matende hayo yaliletwa na mbu wa Kaoze, bondeni alikozaliwa, na hayaponi, lakini akiosha kila siku kwa sabuni, hayataleta vidonda. Mkunjo mmoja ulikuwa umeanza kunuka.

Jirani yake Zita alipita nje ya ua bila salamu. Naye alitoka Kaoze. Wote wawili waliolewa huku Pito mwaka uleule. Tangu mwezi uliopita unyayo wa Zita ulikuwa umevimba, na watu walishapata sababu: amekanyaga maji ya mguu wa Albina. Eti Albina huyamwaga njiani makusudi. Uongo mtupu! Aliyamwaga shimoni nyuma ya choo, na shimo lenyewe lilikuwepo, mwenye macho angeliona.

Mchana akajikokota hadi ofisi ya kijiji kuomba cheti, maana duka la kijiji halikuuza sabuni bila cheti. Akawakuta wajumbe wameshakaa, Zita kajibanza pembeni. Mezani kulikuwa na karai. Karai lake, na maji yake ya asubuhi, aliyoyaacha uani kabla ya kuyamwaga. Nani aliingia uani kwake?

"Shikamoo, Ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba." Marselino alikohoa kile kikohozi chake kikavu cha tumbaku. "Sabuni ni chache, mama. Ni ya wanaolima shamba la kijiji."

"Ninalima. Napiga matuta nimekaa chini. Muulize msimamizi."

"Tunajua. Ila kwanza ututoe wasiwasi. Maji haya yana nini?"

"Majivu na uchafu wangu."

"Basi kunywa."

Aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Akainua karai akapiga mafunda matatu, akalirudisha mezani.

"Mmeona?" Marselino aliwageukia wajumbe. "Kati yenu nani angethubutu?"

Jamani! Angekataa, ana dawa. Kanywa, ana dawa. Cheti kikaandikwa palepale, kwa jina la Zita.

Jua likizama Zita alikuja kupitia mlango wa uani, akichechemea. Alifungua pindo la khanga akatoa kipande cha sabuni, kipya, hakijaguswa na maji.

"Dada Albina, nisamehe. Chukua. Nifungue tu."

"Nikufungue nini, Zita? Ni mbu wa kwetu hao. Kesho twende zahanati wote wawili."

"Mbu gani na baridi hii ya Pito? Sema utanifungua, nikuachie sabuni."

Albina alikuwa na hasira ya kumfukuza. Lakini harufu ya mguu ilikuwa imejaa ua mzima, na harufu ya sabuni ilikuwa hapo, shubiri moja kutoka puani. Akanyoosha mkono akaishika.

"Haya," akasema. "Nitakufungua."

Nyuma ya ua mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha tumbaku. Albina akamtazama Zita, akingoja ashtuke.

Zita hakushtuka, wala hakuiachia sabuni.