Udhaifu wa Mshindani

Programu yangu ilikuwa na maswali ishirini na moja, na hakuna hata moja ambalo mtu angeweza kulikwepa. Nilijivunia hilo. Unakaa, unajibu, unatoka na mpango wa biashara ulionyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Wavivu wa kufikiri wasinisogelee!

Mteja wa kwanza alikuwa mama mdogo, fundi cherehani. Alikitaka chumba kilichokuwa wazi karibu na zahanati, na mwenye nyumba alishamwambia: mpango uliochapishwa, mezani kwake kabla ya saa sita mchana, la sivyo chumba anapewa kinyozi.

Alifika kwangu saa nne. Hadi swali la kumi na tatu tulikwenda vizuri.

"Mshindani wako mkuu ni nani?" nikasoma la kumi na nne.

"Ruka hilo."

"Halirukiki."

"Mwanangu, mtaa mzima una mafundi wawili. Mimi na mama yako."

"Basi andika."

Akanitazama kana kwamba namtuma akaibe, akaandika. Swali lililofuata lilitaka udhaifu wa mshindani huyo. Hapo sikuwa na haja ya kumhimiza. Vidole vilivyokuwa vikitafuta herufi moja moja vilishika kasi ya cherehani. *Ana kiburi. Ana mdomo. Hajui kupima mabega, mtazameni mwanawe.*

Alipomaliza yote akabonyeza "Tuma kwa mshauri".

"Mshauri mwenyewe nani?" akauliza.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Bila mshauri kukubali, mpango hauchapishwi. Nilikuwa nimejigamba kwamba hata mimi niliyeiunda programu siwezi kuuchomoa. Na kwa kuwa sikuwa na mshauri, wakati wa majaribio niliweka namba ya mama.

Hazikupita dakika kumi, mama akaingia, futi ya kupimia shingoni, simu mkononi.

"Kiburi ninacho," alisema. "Mdomo ninao, na leo utausikia. Lakini mabega? Wewe niliyekufundisha kushika mkasi?"

"Dada, shati ulilomshonea mwanao limeshuka upande mmoja. Nimetunga mimi?"

"Wewe, simama!" mama akaniamuru.

Saa tano na nusu. Nikasimama kama sanamu ya dukani, huyu kulia, huyu kushoto, wakinigeuza. Nilipofungua mdomo kuwakumbusha saa, wote wawili wakanifokea: "Tulia!"

Mama mdogo akanivua shati, akalitandaza mezani, akalipima. Akanipima mimi. Akalipima shati tena, kisha akacheka hadi akaangukia kiti.

"Dada, nisamehe. Shati limemfuata mwenyewe. Mtoto ndiye kapinda!"

Bega langu la kushoto lilikuwa limeshuka vidole viwili, kwa miaka ya kuinamia kompyuta.

"Nilijua," mama akasema. "Sikutaka kumvunja moyo. Futa la mabega. Hayo mengine yaache, ni ya kweli."

Likafutwa. Mama akausoma mpango mzima, akaongeza idadi ya vifungo vya kununua, akabonyeza "Kubali". Karatasi zilitoka kwenye printa zikiwa za moto, na mama mdogo akatoka nazo mbio. Alimpita kinyozi mlangoni kwa mwenye nyumba, saa sita kasoro dakika nne.

Chumba ni chake sasa. Siku ya pili nilijaribu kulilegeza swali la kumi na nne, ili mtu akitaka aliruke. Badiliko nalo linahitaji idhini ya mshauri. Jibu lilirudi upesi: "Limekataliwa. Kaa wima kwanza."