Vitanda Vilivyohama Kabla ya Hukumu

Uvumi ulianzia bombani ukamfuata Mama Pindo mpaka jikoni: anayedaiwa na benki akikanyaga tu mahakamani, amekwisha kukiri, na dalali anakuja siku hiyo hiyo kuzoa hata mwiko. Fundi cherehani huyo, aliyepewa jina hilo kwa kupinda suruali huku mteja bado ameivaa, alijitia kuupuuza. Lakini kila alipoinamia kitambaa, maneno yale yalimrudia. Tangu mumewe augue, marejesho ya mkopo wa nyumba yalikuwa yamekwama, na wito wa mahakama ulishafika.

Basi akakodi mkokoteni, akahamishia vitanda, jiko na masufuria kwa dada yake. Nyumbani ikabaki cherehani na mikeka ya kulalia.

"Unajifukuza mwenyewe, mdogo wangu," dada akamwambia. "Dalali akija atabeba nini?"

"Atanikuta mimi. Na mimi sibebeki."

Siku ya kesi mumewe alimsihi asiende. "Ukionekana kule, umekiri."

"Sahihi ni yangu, baba watoto. Nikikaa hapa itafutika? Naenda."

Mahakamani, wakili wa benki, kijana wa tai nyembamba, akampa hakimu picha zilizopigwa dirishani. "Mheshimiwa, vyumba ni vitupu. Mkopaji ameshahama. Tunaomba benki ikabidhiwe nyumba leo."

Mama Pindo alizikodolea macho picha zile. Alikuwa ameokoa masufuria, sasa nyumba ndiyo inakwenda.

Hakimu, mwanamke wa makamo, akavua miwani. "Mama, umehama?"

"Sijahama, mheshimiwa. Nilihamisha vyombo kwa woga, niliambiwa vitazolewa. Tunalala pale pale, chini, na kazi naifanyia pale pale."

"Na utalipa kwa pesa gani?"

"Nimepata oda ya sare za shule. Mhasibu wa shule yupo nje, nilimwomba aje aseme mwenyewe. Kila mwezi nitatoa rejesho la mwezi huo, na juu yake kipande cha yale yaliyolala."

"Wadaiwa wote husema hivyo," wakili akaguna.

"Wenzangu wanakukimbia, mwanangu. Mimi nimekuja kukuambia usoni."

Hata karani alicheka chini chini.

Mhasibu akaitwa, akathibitisha oda. Hakimu akaandika kwanza, kisha akasema, "Deni silifuti. Ila sheria inaniruhusu kuisogeza mbele siku ya benki kuchukua nyumba, nikiona mkopaji ana njia ya kulipa katika muda unaofaa. Njia nimeiona. Ukiruka mwezi, benki itarudi hapa, na sitakuwa na la kukusaidia."

Mama Pindo hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, na mkokoteni nyuma.

"Vipi huko?"

"Nipe vitanda vyangu."

Oda ile ikashonwa, rejesho la kwanza likalipwa. Siku hizi mwanamke akija kwake na wito mkononi, huambiwa haya kabla ya kupimwa nguo:

Usibaki nyumbani siku ya kesi.
Usihamishe vyombo kwa maneno ya bombani.
Usiuze kifaa cha kazi ili ulipe mwezi mmoja.
Usimwahidi hakimu kiasi usichokiweza.
Usiende bila mtu au karatasi ya kuonyesha pesa itatoka wapi.
Usimfiche mumeo, wala usimngoje akuruhusu.
Usidhani kusogezewa siku ni kusamehewa.