Kitunguu Alibisha Miezi Saba

Usiku wa jana niliota mgeni anabisha hodi kwetu. Nikafungua. Alikuwa Harufu ya Kitunguu Kinachokaangwa, amevaa suti ya kahawia, anatoka jasho.

Alisema hakunijia mimi. Alimjia dada yangu Mwanamvua, na amembishia miezi saba, kutwa mara tatu, akitokea majikoni kwa majirani, hasikii.

Nilimweleza yaliyompata dada. Alipata homa, na homa ilipoondoka ikaondoka na pua yake. Hapiki tena. Hatoki. Nikivaa kandambili zake hanifokei, na zamani kwa kandambili hizo tungeitiwa majirani. Hospitali walisema pua itarudi yenyewe. Kuhusu kutonifokea hakuna aliyeuliza.

"Twende ofisini," akasema Kitunguu.

Tunapita jikoni, na jiko ni ofisi. Nyuma ya meza amekaa Pua, mkubwa, mwenye miwani inayomkaa vizuri sana. Anafungua faili la dada.

"Harufu husikiwa," anasoma. "Kwa hiyo tulimpeleka Kitunguu kwa Sikio. Sikio akasema harufu si kazi yake, akamrudisha. Hapo katikati hakuna aliyemwambia yule pale kitu."

Kwenye benchi amekaa Moyo wa dada, peku, ameshika namba sitini na mbili.

Pua alinieleza kwamba yeye na Moyo ni majirani wa ukuta mmoja. Habari zote za nyumbani humfikia Moyo kupitia ukuta huo: chai inachemka, mvua imegusa vumbi, fulani yumo ndani. Tangu ile homa, kimya. Kwa hiyo Moyo anaamini watu wote wamehama.

Nikakaa karibu naye, nikamwambia hatujahama.

"Wote waliohama husema hivyo," akajibu, bila ubaya wowote.

Nikamuuliza Pua kama kuna dawa. Akasema lipo jambo la kujaribu: harufu moja anayoijua tangu utotoni, apelekewe kila asubuhi, hata asiposikia. "Si uhakika," akasema. "Ni kubisha hodi tu."

Niliijua ni ipi. Khanga ya marehemu mama, haijafuliwa miaka sita, imo ndani ya kopo la biskuti chini ya kitanda changu. Mimi hulifungua siku ya Idi tu, kwa pumzi tatu, maana kila nikifungua mama anapungua.

Kopo lilikuwa limeshafika. Limesimama mlangoni, halina furaha.

"Mimi niliajiriwa kufunga," linasema.

"Itakwisha, binti," Pua ananionya.

"Najua."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Naahidi."

Akanigonga muhuri kwenye paji la uso, nikaamka.

Kumekucha. Nikashusha miguu, nikavaa kandambili za dada, na kidole kikagusa kitu. Ganda la kitunguu, jembamba, kavu. Nyumba hii haijaingia kitunguu miezi saba.

Nikavuta kopo uvunguni, nikaenda nalo chumbani kwake. Alikuwa macho, anatazama ukuta. Nilifungua, nikamsogezea.

"Nini hicho?"

"Mama."

Alivuta pumzi. Akavuta tena, ndefu zaidi. Mimi nilimsikia mama waziwazi, udi na sabuni ya mche, akipita mbele yangu kuelekea dirishani.

"Sisikii kitu," dada akasema.

"Sawa. Kesho nitakuja tena."

Nilipochukua kifuniko akanishika mkono.

"Usifunge kwanza." Akavuta pumzi mara ya tatu, kisha akatazama chini, miguuni kwangu, kwa muda. "Na hizo kandambili ni zangu."

Nilizivua. Kifuniko nikakiweka sakafuni, mbali, nikakaa naye mpaka jua likaingia ndani.