Kadi za Miguu ya Watu

Sheria ile aliileta mke wangu mwenyewe, na nalisema hili mapema ili lawama zigawanywe sawa. Mwaka wa pili wa ndoa yetu niliacha mashine ya kusaga soli ikizunguka, nikaenda mlangoni kupiga soga. Yeye akapita karibu nayo, ikamla ukucha. Tangu siku hiyo ikawa amri ya karakana: mashine isiyo na mkono juu yake huzimwa. Miaka thelathini na moja nimeitii. Nazima mashine ya soli, nazima feni, nazima redio hata mtangazaji akiwa katikati ya sentensi.

Sisi tunashona viatu vya miguu yenye matatizo: mmoja mrefu na mwingine mfupi, vidole vilivyopandana, visigino vinavyouma. Mimi najua ngozi, mke wangu anajua watu. Wiki moja baada ya mteja kuchukua viatu vyake, humpigia simu kumuuliza vinabana wapi, vinakwendaje kwenye ngazi, kuna mtu amevicheka? Majibu huyaandika kwenye kadi ya mteja, nami nikiisoma najua pa kupunguza na pa kuongeza.

Mwaka huu alianguka akavunjika nyonga. Karakana iko ghorofani, ngazi ishirini na mbili, kwa hiyo ikabidi abaki nyumbani. Binti yetu, ambaye riziki yake ni kompyuta, alizihamishia kadi zote kwenye kompyuta mbili ndogo, moja ya karakana na moja ya nyumbani.

"Mama akiandika kule, inatokea huku," alisema. "Baba ukiandika huku, inatokea kule. Mtakuwa kama mmekaa benchi moja."

Nikasema sawa. Mimi mbele ya kompyuta husema sawa kwa kila kitu.

Miezi miwili ikapita. Kwenye kadi zangu halikutokea neno lake hata moja. Nikajiambia anauguza mfupa, mwache apumzike. Lakini nitasema ukweli, iliniuma. Nilizoea kukosolewa kutoka nyuma ya mgongo wangu kutwa nzima. Wanasema asiyekuwapo na lake halipo, na waliosema hivyo hawajawahi kushona viatu mbele ya kiti cha mke wao kilicho kitupu.

Jioni moja aliniuliza, "Umeona nilichoandika?"

Nilikuwa na tonge mdomoni. Nikadhani anasema ule ujumbe wa simu kuhusu sabuni. "Nimeona."

"Na?"

"Na nini tena? Si nimeshasema nimeona!"

Akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza. Kuanzia siku hiyo akawa ananijibu kwa neno moja moja, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikadhani ni nyonga inamsumbua.

Jumamosi asubuhi mwalimu mmoja, mteja wetu wa miaka mingi, alipanda ngazi akihema, akavua kiatu cha kulia na kukibwaga mezani.

"Fundi, bado kinanichoma. Kwani Mama hakukwambia? Nilimweleza yote kwenye simu, mwezi uliopita."

Nikawasha kompyuta, nikafungua kadi yake. Haikuwa na kitu kipya. "Mama watoto siku hizi anasahau," nikasema. Mungu anisamehe kwa sentensi hiyo.

Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa binti yetu.

"Baba, niko njiani naenda nyumbani. Mama kasema nije niichukue ile kompyuta, eti haina kazi. Mna nini nyinyi wawili?"

"Itakuwaje na kazi wakati haandiki?"

"Haandiki? Mama anaandika kila siku! Hiyo yako huwa unaizima saa ngapi?"

"Nikimaliza tu kuandika. Papo hapo. Mashine isiyo na mkono..."

Akashusha pumzi vilevile kama mama yake. "Baba, mtandao wa hapo ni wa kuvutavuta. Inahitaji dakika kadhaa kupokea na kutuma. Wewe unamfungia mgeni mlango kila akifika kizingitini. Iache iwake. Usiiguse!"

Nikaiweka mikono yangu nyuma. Mwalimu akaketi kwenye kiti cha mke wangu, mguu mmoja peku. Tukangoja dakika tano, sita, saba. Kisha kadi yake ikabadilika mbele ya macho yetu.

"Anasimama saa sita mfululizo. Tatizo si kisigino, ni mshono wa ndani. Atakwambia ni kidogo tu. Usimwamini, anaumia."

Mwalimu akasoma, akageuza uso dirishani.

Zikaingia nyingine, arobaini na mbili kwa jumla. "Dereva huyu anaona haya, usimpime mbele ya watu." "Bibi huyu hawezi tena kufunga kamba. Mwekee zipu, lakini mwambie ndiyo fasheni." Na katikati ya maneno ya wateja yalikuwamo niliyoandikiwa mimi. "Umekula?" "Funga dirisha la nyuma, kifua chako hicho." "Leo nimefika mlangoni bila fimbo. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua."

Ya mwisho ilikuwa ya Alhamisi. "Naona unaweza bila mimi. Basi vizuri. Nitamwambia binti aje aichukue mashine hii."

Nililia, na sioni haya kusema. Mwalimu alinipa kitambaa kilichokuwa mezani, na kumbe ndicho cha kupakia rangi ya viatu.

Nikafungua kadi mpya. Mimi si mwandishi, kwa hiyo niliijaza kama ninavyomjazia mteja yeyote. Kisha nikaiacha kompyuta ikiwaka, mwalimu akaahidi kuilinda, nikashuka ngazi zote ishirini na mbili kwa miguu ya ujana.

Nyumbani nilimkuta binti ameshaizima ile nyingine na kuitia mkobani. Mke wangu alikuwa ameketi mezani, mikono mapajani. Aliutazama uso wangu mweusi tii kwa rangi ya viatu, wala hakucheka.

"Iwasheni," nikasema.

"Baba..."

"Iwasheni. Nitangoja."

Tukangoja wote watatu. Kisha kadi ikatokea.

"Mteja: mke wangu. Mguu wa kushoto: sentimita 24. Wa kulia: 24, tangu aanguke anakanyagia upande, soli iongezwe. Alifika mlangoni bila fimbo, na fundi hakuwapo kumpigia makofi. Karakana: Jumatatu fundi anakwenda kuomba chumba cha chini, kisicho na ngazi. Kasoro: zote ni za fundi. Alisema ameona, na hakuwa ameona kitu. Kuhusu kuweza bila yeye: hawezi."

Aliisoma mara mbili, midomo ikicheza. Kisha akaivuta kompyuta kwake, akafuta ile 24 ya mguu wa kulia, akaandika 23 na nusu.

"Miaka yote hii," akasema, "na mguu wangu bado huujui."

Binti akakumbuka ghafla kwamba ana kazi jikoni.

Mimi furaha ilinijaa. Mkono wangu, kwa mazoea yake, ukaenda wenyewe kwenye kitufe cha kuzimia. Mke wangu akanipiga kikofi vidoleni.

"Iache iwake," akasema.